Hakuna Panya Kwenye Kichupa

3 Machi

Kwa Mkaguzi wa Bohari ya Baridi
KUHUSU: KICHUPA KIMOJA

Ndugu Mkaguzi,

Salamu. Nimepiga simu ya ofisi yenu mpaka kidole kimeota sugu. Inaita, haipokelewi. Leo aliyepokea aliniambia habari za mizigo iliyozuiwa hazitolewi kwa simu, niandike barua, kisha akakata. Basi naandika, na barua naitia kwenye basi kwa sababu posta naijua.

Mzigo wangu ni sanduku jeupe la povu ambalo mtu anaweza kulibeba kwapani. Ndani yake kuna barafu kavu, na ndani ya barafu kuna kichupa kimoja, hakizidi kidole. Hicho ndicho ninachokitaka. Kina kingamwili, kitu cha kupimia homoni ya mimba kwenye damu, hapa maabara. Si dawa, si sumu, hakilipuki, hakinuki.

Barafu kavu haidumu. Ikiisha kabla kichupa hakijaingia kwenye friza, kila kitu kitakuwa kazi bure. Nakuomba kiwe kimeganda, na kibaki kimeganda, mpaka kinifikie. Karatasi zote zimo kwenye bahasha iliyobandikwa juu ya sanduku.

Naamini hili ni jambo la kumalizika upesi.

Wako katika kazi,
Mtafiti, Maabara ya Homoni


8 Machi

Kwa Mtafiti, Maabara ya Homoni

Ndugu Mtafiti,

Barua yako imefika. Ahsante kwa lugha yako nzuri.

Sanduku lipo. Lilipofika, barafu ilikuwa imebaki kidogo, na mimi mwenyewe nilikitia kichupa kwenye friza namba tatu pamoja na samaki wa mahoteli. Kwa upande wa baridi, ondoa shaka.

Shida ni karatasi. Ukurasa wa kwanza, mahali palipoandikwa "asili ya bidhaa", pamejazwa: PANYA. Kanuni yetu iko wazi. Mnyama yeyote, mzima au mfu, au sehemu yake, haingii bila barua ya ofisi ya mifugo. Tumelifungua sanduku mbele ya mashahidi wawili. Hatukuona panya. Kwa hiyo nina maswali. Panya yuko wapi? Na kama alikuwemo akatoka njiani, alitokaje, maana sanduku halina tundu?

Tafadhali jibu kwa maandishi.

Mkaguzi, Bohari ya Baridi


11 Machi

Ndugu Mkaguzi,

Hakuna panya. Hakuwahi kuwemo. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, na fundi wetu wa mashine akatoka nje kucheka. Mimi sikucheka, maana kichupa ni changu.

Nitaeleza mara moja, kwa ufupi. Zamani, katika nchi nyingine, panya mmoja alidungwa homoni ya mimba. Mwili wake ukaiona homoni hiyo ni mgeni, ukatengeneza kitu cha kuikamata. Wataalamu wakachukua seli moja iliyokuwa ikitengeneza kitu hicho, wakaiunganisha na seli ya aina isiyokufa, wakaikuza kwenye chombo. Ikagawanyika, watoto wake wakagawanyika, wajukuu nao vivyo hivyo, wote ukoo mmoja, wote wanatengeneza kitu kilekile kisichobadilika. Kitu hicho ndicho kingamwili, na ndicho kilichomo kwenye kichupa. Panya mwenyewe alikufa kabla mimi sijajua kusoma. Apumzike.

Nimeambatisha barua ya ofisi ya mifugo. Nilipowaomba waandike kwamba panya hayupo walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini wameandika. Naomba sasa mzigo wangu.

Mtafiti, Maabara ya Homoni


17 Machi

Ndugu Mtafiti,

Suala la panya limefungwa. Nimelipigia muhuri.

Hata hivyo, ukurasa wa pili unasema "homoni za uzazi". Hii inaonekana ni dawa, na dawa lazima ipite ofisi ya dawa. Nilikuwa natafuta fomu zao nikutumie, nikaona chini kwa wino mwekundu: "Kwa utafiti wa maabara tu. Si kwa matumizi ya binadamu wala ya mnyama." Sentensi hiyo imeninyima raha. Kama si ya binadamu, na si ya mnyama, ni ya nani? Kwenye orodha yetu ya mizigo hakuna fungu la tatu. Ipo mimea, lakini mimea haina mimba.

Naomba maelezo, pamoja na barua ya ofisi ya dawa.

Pia nauliza, kikazi tu: kitu kinachokamata homoni ya mimba, kikiingizwa ndani ya mtu, kinaweza kuishika na mimba yenyewe isitoke? Swali hili lijibu kwenye karatasi ya peke yake.

Mkaguzi, Bohari ya Baridi


20 Machi

Ndugu Mkaguzi,

Karatasi ya peke yake sina. Nimeishiwa karatasi kwa ajili yako. Jibu ni hapana, haishiki mimba. Inashika homoni ndani ya neli ya kioo ya maabara, basi. Fikiria mtu anayeijua sura moja tu sokoni. Akiiona, anamkamata mkono mwenye sura hiyo na kupiga kelele. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haileti homoni, haiiongezi, haimponyi mtu.

Na ukiuliza ni ya nani, ni yangu! Ni yangu na ya mashine yangu, na mashine imekaa bure tangu mwezi uanze.

Hebu nikueleze kwa nini nahangaika hivi, labda itasaidia. Wapo wanawake ambao mimba zao huharibika zikiwa changa, tena na tena, na hospitali huwaambia kila kitu kiko sawa. Hao wamenipa damu yao kila wiki, wengine mpaka wiki ileile waliyopoteza. Damu hiyo imo kwenye friza yangu. Kipimo cha hospitali kinaiona homoni ya mimba lakini hakitofautishi maumbo yake. Kingamwili yangu inalijua umbo moja, na katika damu nilizokwisha kupima, umbo hilo linaanza kupungua kabla mimba haijaharibika, wakati mama mwenyewe bado yuko mzima na hajui lolote. Ikiwa ni kweli, siku moja daktari ataweza kuona mapema. Nimepima nusu. Nusu iliyobaki inangoja kichupa hicho.

Na hakuna kingine. Kiwanda kilichokuwa kikitengeneza kilipoteza seli zake, ule ukoo niliokuambia umekwisha. Nilichopata ndicho cha mwisho ghalani kwao. Nikitumia kingamwili ya ukoo mwingine, itashika homoni mahali pengine, na vipimo vya nyuma havitalingana na vya mbele. Ndugu yangu, ni hicho kimoja tu duniani, nawe umekilaza na samaki.

Ofisi ya dawa wameandika kwamba haiwahusu. Barua yao ni hii. Mkuu wa maabara yetu naye ameniambia nisipomaliza kabla ya katikati ya mwaka, friza itapewa mtu mwingine. Nakusihi.

Mtafiti, Maabara ya Homoni


25 Machi

Binti yangu,

Utaona sikutumia karatasi ya ofisi, wala sikupiga muhuri.

Mambo yako yametimia, imebaki sahihi moja tu, na sahihi hiyo ni yangu. Kabla sijaiweka ningeomba tuonane, wewe na mimi, pasipo na watu. Ng'ambo ya lango la bohari kuna mgahawa, mchana huwa mtupu. Nina shida yangu ndogo ambayo kwenye barua haikai vizuri. Wewe ni mtu mzima, tukikaa chini utanielewa. Safari ikikuwia ngumu, mtume mtu unayemwamini.

Barua hii usiitaje kwa simu ya ofisi.

Ni mimi, Mkaguzi


28 Machi

Mzee,

Kumbe! Panya, dawa, binadamu, mnyama, mimea, kumbe safari yote hiyo ilikuwa inaelekea mgahawani. Si ungesema tangu mwanzo, ukaniokoa na foleni ya ofisi ya mifugo? Na mimi mjinga nilikaa hapa kukufundisha habari za seli, naandika "nakusihi", nadhani mtu anasoma!

Sasa sikiliza. Sina chai ya kukupa. Ningekuwa nayo nisingekupa. Wala mimi si binti yako, tafadhali, baba yangu yupo na ana haya usoni. Barua yako ninayo, nimeitoa nakala, na nakala moja naipeleka kwa mkubwa wako kama sahihi haitawekwa wiki hii.

Kuna mwanamke alilala kwenye kitanda changu cha kutolea damu hali anajua mimba inatoka. Alinyoosha mkono mwenyewe, akasema chukua, labda itamfaa mwenzangu. Nilimwambia ahsante na nikashindwa kumtazama. Wewe umeikalia damu ya mama yule ukingojea bahasha. Sijui usiku unalalaje.

Mtafiti


1 Aprili

Ndugu Mtafiti,

Nimefanya kazi hapa tangu lango hili likiwa la mbao. Hakuna aliyewahi kuniandikia maneno hayo. Wachukuzi huniita Mzee Muhuri, na wananicheka, kwa sababu sipokei hata soda ya mtu. Nakala yako ipeleke popote.

Nililotaka kulisema mgahawani ni hili, na sasa naliandika kwa kuwa umeshanivua nguo. Nina binti. Ameharibikiwa na mimba mara tatu. Baada ya ile ya tatu, mume wake alimleta hapa kwangu na mabegi yake, akasema, "Baba, apumzike kidogo," na hajarudi kumchukua. Anakaa chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Mama yake alishafariki, na mimi mambo ya kike siyajui. Siku tulipofungua sanduku lako nikasoma "uzazi", nikasoma "mimba", na nikarudi juu kusoma tena. Nilitaka kukuuliza kama katika kichupa kile panaweza kubaki tone. Uliponijibu kwamba hakiponyi, nilidhani hilo ndilo jibu la kiofisi, kama ninavyojibu watu mimi. Nikataka nikuulize tena nikikuangalia usoni.

Habari za panya na dawa ni kanuni, hapo sina la kujitetea. Lakini hizi siku za tangu barua ya ofisi ya dawa zilikuwa zangu mwenyewe. Hizo nazikubali, na ni haki yako kukasirika.

Kichupa lakini kisikutie wasiwasi. Hakijapuuzwa hata siku moja. Mzigo uliozuiwa hapa lazima uonekane kwa macho kila asubuhi, na mkaguzi aweke sahihi kwamba uko katika hali iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Karatasi yako inasema "kimiminika angavu kisicho na rangi". Kwenye friza ni jiwe jeupe, na mimi siweki sahihi ya uongo. Kwa hiyo kila asubuhi nakitoa mwenyewe, nakishika kiganjani mpaka kiyeyuke chote, nakiinua dirishani, naona ni angavu kweli, naweka sahihi, kisha nakirudisha kigande. Mwingine angewaachia wachukuzi. Mimi nimekishika kama yai.

Mkaguzi


3 Aprili, kwa mkono wa dereva

USIKIGUSE!

Mzee, kesho asubuhi usikitoe. Usikishike. Usikiinue dirishani. Usifungue hata hiyo friza kama samaki hawana haja. Kuganda na kuyeyuka kila siku ndiko kunakoiua kingamwili. Kuganda mara moja inastahimili, mara ya pili labda, lakini kila asubuhi, tangu Machi ianze!

Kuhusu yale mengine niliyokuandikia, nimesoma habari za binti yako na nimejisikia vibaya mno. Nitasema zaidi nikiweza. Usikiguse.

Mtafiti


5 Aprili

Ndugu Mtafiti,

Dereva aliniletea barua mpaka mezani. Alikuwa ameisoma njiani, akaniuliza, "Mzee, umeshika nini cha watu?"

Jana asubuhi sikukitoa. Niliandika nimekiona, kimiminika angavu kisicho na rangi, nikaweka sahihi, na sikukiona. Sijawahi kufanya hivyo. Leo sanduku limeruhusiwa, linakuja na basi hilihili. Barafu kavu nimewaomba watu wa samaki, wamenijazia mpaka juu. Dereva nimemwambia asilifungue hata akisimamishwa, na akisimamishwa aseme ni mzigo wa Mzee Muhuri, watampisha.

Niandikie kama kimepona.

Mkaguzi


14 Aprili

Mzee,

Hakikupona.

Nimekijaribu kwa damu ambazo majibu yake ninayo tayari. Hakishiki kitu. Nikabadilisha maji, nikabadilisha sahani ya kupimia, nikamwita fundi aikague mashine, nikarudia tena nikiwa nimeshajua. Kimetulia mle ndani, angavu, hakina rangi, kama karatasi inavyosema.

Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii. Nimeichana. Usidhani hasira imeisha, hasira ninayo mpaka kooni, ila sijui niielekeze wapi. Kama mngekuwa mnapokea simu! Kama orodha yenu ingekuwa na fungu la tatu! Kama yule wa kiwandani aliyeandika "kimiminika" angeongeza "kilichogandishwa"! Kama wewe ungekuwa mla rushwa wa kawaida, ukala chai yako, ukanipa mzigo wangu wiki ya kwanza! Mkuu wa maabara ameniuliza imekuwaje. Nitamwambia nini, kwamba imeuawa na mtu mwaminifu?

Damu ya nusu ile haitoshi kuanza upya. Nyingine zimebaki matone. Inabidi niwapigie wale wanawake mmoja mmoja niwaambie. Nimeanza leo. Wa kwanza aliniambia, "Pole, dada," yeye ndiye akanipa pole mimi. Nikafunga simu, nikakaa chini sakafuni.

Habari ya chai nilikukosea sana. Naomba radhi, na nakala ile nimeichoma. Kuhusu binti yako, tone lisingemsaidia hata kingekuwa kizima. Hili silo jibu la kiofisi. Mpeleke kwa daktari wa akina mama. Nenda naye mpaka mlangoni, kisha ubaki nje.

Mtafiti


22 Aprili

Dada,

Hunijui. Mimi ni yule wa chumba cha nyuma. Baba hajui kwamba nakuandikia, na bahasha nimemwibia yeye.

Barua zako zote nimezisikia. Ya kwanza alikuja nayo jioni, akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa mlango na kuanza kunisomea bila hata kunisalimu. Nilidhani amechanganyikiwa. Halafu akanisomea na yake mwenyewe aliyokujibu, ile ya panya ametokaje na sanduku halina tundu. Niliuma mto nisisikike nacheka. Nadhani alinisikia. Zilizofuata aliniandalia kabisa. Ile ya mimea haina mimba, dada, mimi naona aliiandika kwa ajili yangu, na kama ndivyo basi baadhi ya siku ulizongoja zilikuwa zangu. Ndiyo maana naona lazima nikuandikie.

Ile ya kwamba sina chai ya kukupa aliisoma kwa sauti ndogo sana. Akafika pale pa mwanamke aliyesema chukua, akashindwa kuendelea. Nikafungua mlango nimwombe barua nijisomee mwenyewe. Nilikuwa sijafungua mlango ule mbele yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameshika karatasi, na miwani imejaa maji.

Wote waliokuja kuniona walikuja ama na huruma ama na lawama. Wenye huruma walikuwa wananichosha zaidi. Wewe ulikuwa hunijui, ukagombana na baba yangu, mtu ambaye hakuna anayegombana naye, kwa ajili ya damu ya watu kama mimi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukasirika hivyo kwa ajili yetu. Nimeisoma mpaka imechakaa.

Kwa daktari tumekwenda. Baba alibaki nje, nusu saa, amesimama. Daktari alisema kila kitu kiko sawa. Ulisema watasema hivyo.

Nina swali, na sijamuuliza daktari kwa sababu nilijua atanijibu kwa upole. Kwa mume wangu tulikaa juu, maji yalikuwa hayapandi, nikawa nabeba ndoo kwa ngazi. Mama mkwe aliniambia niache. Sikuacha, maana nani mwingine angebeba? Mara zote tatu nilibeba. Ya tatu nilipoanza kuumwa nilikuwa na ndoo mkononi, nikaiweka chini taratibu isimwagike. Mama mkwe aliniambia nimewaua mwenyewe. Baba simwambii hili, atakufa. Wewe nakuuliza kwa sababu husemi uongo hata pale unapofaa. Ni ndoo?

Na kama unaanza upya na unatafuta damu, mimi ninayo.

Binti wa Mkaguzi


26 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako asubuhi, na leo kazi haikufanyika tena hapa. Mwambie baba yako kwamba wewe ni mtu wa pili katika nyumba yenu kunisimamishia maabara.

Naanza upya, ndiyo. Nimepata kingamwili ya ukoo mwingine. Inashika homoni mahali pengine, kwa hiyo ya nyuma yote yanabaki kwenye kabati na ninahesabu tangu mwanzo kama mwanafunzi. Friza nimebakishiwa. Mkuu wa maabara alikuwa na maoni mengine, tukazungumza, na maneno niliyomwambia siyaandiki kwa sababu naona barua zangu zinasomwa mlangoni kwa sauti. Wanawake kadhaa wamekubali kurudi. Yule wa "chukua" alikuwa wa kwanza kufika, hata sikumwita.

Tunahitaji pia waliopoteza ambao kwa sasa hawana mimba, wa kulinganisha nao. Wewe unafaa. Lakini nikuambie wazi kabla hujapanda basi: hutapata faida yoyote. Si dawa, si kipimo cha kukuambia una nini, majibu yako hutapewa. Inaweza kuchukua miaka, na inaweza kutoka kapa. Watu wakija hapa na matumaini huwa nawarudisha nyumbani wakayaache kwanza. Ukija, kunywa maji ya kutosha, vaa nguo ya mikono mipana, na mwambie baba yako akusindikize akitaka.

Sasa swali lako, na kuanzia hapa soma peke yako.

Watu huniuliza mambo kila siku, na mimi hujibu sijui, kwa sababu sijui. Kwa nini zilitoka tatu, sijui. Kama ya nne itakaa, sijui, na anayekuambia anajua muulize alipima kwa kitu gani. Mume wako atarudi au hatarudi, hilo nalo sijui, na kwa hasira niliyo nayo afadhali nisiulizwe.

Lakini mama mkwe wako alikuambia kitu kana kwamba amekiona. Nimekaa na wanawake hawa kwa miaka, kila mmoja namuuliza alikuwa anafanya nini wiki ile. Wapo waliobeba ndoo. Wapo waliokuwa wamelazwa kitandani tangu siku ya kwanza, wanaletewa chakula, hawakuinua hata kikombe. Damu zao ziko pamoja kwenye friza yangu, na wote walipoteza. Na wapo waliobeba ndoo mpaka siku ya kujifungua, watoto wao wanakwenda shule.

Si ndoo, mdogo wangu. Haikuwa ndoo hata mara moja.

Dada yako,
Mtafiti